Kolkanoni: viazi na kabichi ambavyo Waayalandi hupika kwa kukumbuka wapendwa wao

Siku chache baada ya mazishi, wakati wageni wamekwisha kurudi kwao na viti vya kukodi vimerudishwa, mama wa nyumba anaingia mu jiko na kuanza kumenya viazi. Akimaliza, anatazama beseni na kuona kwamba amemenya vya watu sita. Nyumba sasa ina watano. Hapo ndipo wengi hulia tena, peke yao, kisu kikiwa bado mkononi.

Jambo hilo linajulikana Goma, Bukavu, Bunia na Kalemie sawa vile linajulikana mu vijiji vya Ayalandi, kisiwa kilichoko magharibi ya Ulaya, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Irlande. Kule, chakula kimoja cha viazi, kabichi, maziwa na siagi kimekuwa kwa miaka mingi chakula cha kutuliza moyo. Ni chakula pia cha usiku ule ambao wazee waliamini marehemu wanarudi nyumbani kuota moto. Kinaitwa kolkanoni, na mu vitabu vya mapishi jina lake huandikwa colcannon. Vitu vyake vyote vinapatikana mu masoko ya mashariki ya Kongo. Makala hii inaeleza kilitoka wapi, kwa nini kinaunganishwa na ukumbusho wa wafu, na namna ya kukipika ku mbabula.

Ni chakula gani?

Kolkanoni ni viazi mviringo, vile wengi mu Kivu ya Kaskazini wanaita birayi, vilivyochemshwa na kupondwa na maziwa ya moto, kisha vikachanganywa na kabichi iliyopikwa na kukatwakatwa. Wengine wanaweka kabichi ya kawaida inayofunga kichwa, yaani shu. Wengine wanatumia aina nyingine ya kabichi, yenye majani ya kijani yaliyojikunja, ambayo haifungi kichwa. Vitunguu vya majani ao puaro vinaongeza harufu. Mwishoni, mpishi anachimba shimo katikati ya sahani kwa kijiko na kuweka humo kipande cha siagi, ambacho kinayeyuka na kuwa kama kisima kidogo. Mlaji anaanza pembeni: anachota viazi, anavichovya mu siagi, anakula, na kusogea polepole kuelekea katikati.

Jina linatoka mu lugha ya Kiayalandi, cál ceannann, na kwa kawaida linaelezwa kuwa kabichi yenye kichwa cheupe. Kaskazini ya kisiwa kuna ndugu yake anayeitwa champu: hivyo ni viazi vya kuponda na vitunguu vya majani tu, bila kabichi.

Chakula hicho ni cha zamani. William Bulkeley, mtu wa Wales aliyekuwa akiandika mambo yake ya kila siku mu daftari, alikila mu mji wa Dublin tarehe 31 mwezi wa kumi 1735. Tarehe hiyo ina maana yake, kama itakavyoonekana hapa chini.

Viazi vilivyolisha nchi, kisha vikaoza

Ili kuelewa kwa nini sahani ya viazi inaweza kumliza Mwayalandi, inafaa kwanza kujua viazi vilimfanyia nini babu yake.

Viazi mviringo vilitoka mu milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na vilifika Ayalandi mwishoni mwa karne ya 16. Vilipenda udongo wa kule na mvua yake. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa mabwana wakubwa, na mkulima maskini alikodi kipande kidogo tu. Hata kipande hicho, kikipandwa viazi, kiliweza kulisha nyumba nzima sehemu kubwa ya mwaka, kama kulikuwa na maziwa kidogo ya kuongeza. Kufikia mwaka 1845, watu karibu milioni 3 walikuwa wanategemea viazi karibu peke yake. Mwanaume wa kazi ya shamba aliweza kula kilo 5 ao zaidi kwa siku moja.

Mwaka huo ugonjwa uliingia mu mashamba. Majani yaliota madoa meusi, yakanyauka, na viazi vikaoza ndani ya udongo na kutoa harufu mbaya. Ni mildiu, ugonjwa ule ule ambao leo unasumbua wakulima wa viazi mu Masisi, Rutshuru na Lubero wakati mvua inazidi. Sehemu kubwa ya Ayalandi walikuwa wamepanda aina moja tu ya kiazi, na kwa sababu kiazi kinapandwa kutoka kiazi kingine, mashamba yote yalikuwa sawasawa. Kilichoua kimoja kiliua vyote. Mwaka 1846 ugonjwa ulirudi kwa nguvu zaidi, na mwaka 1848 ukarudi tena. Wakati watu wanakufa njaa, nafaka na mifugo ya nchi hiyo iliendelea kupakiwa mu meli kwenda Uingereza.

Kati ya 1845 na 1852 watu karibu milioni 1 walikufa kwa njaa na kwa magonjwa yanayofuata njaa, kama tifusi na kuhara. Wengine zaidi ya milioni 1 walipanda meli na kuhama. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilikuwa imeonyesha wakaaji milioni 8.2; ile ya 1851 ilionyesha karibu milioni 6.6.

Mu eneo la Skibbereen, kusini ya kisiwa, mbao za masanduku hazikutosha. Walitengeneza sanduku lenye sakafu inayofunguka: maiti iliteremka mu shimo, sanduku likarudi kuchukua mwingine. Mu makaburi ya Abbeystrowry, karibu na mji huo, wamezikwa watu kati ya 8,000 na 10,000 mu shimo la pamoja, bila majina. Wengi hawakukeshewa. Kwa taifa ambalo liliona kukesha maiti kuwa deni la lazima, hicho kilikuwa kidonda cha pili juu ya njaa yenyewe.

Waayalandi hawakuacha viazi. Waliobaki walipanda tena, wakachemsha tena, wakaweka maziwa na kabichi tena. Chakula kilichowakosesha babu zao ndicho walichowekea wafu wao ku meza.

Usiku wa mlango usiofungwa

Mu kalenda ya zamani ya Ayalandi, mwaka uligawanyika ku usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa kumi na moja. Mavuno yamekwisha kuingia, ng'ombe wameteremshwa kutoka malisho ya milimani, na giza la majira ya baridi linaanza. Usiku huo unaitwa Oíche Shamhna. Watu waliamini kwamba ku mpaka huo kati ya majira mawili, ukuta unaotenganisha wazima na wafu unakuwa mwembamba.

Kanisa Katoliki nalo linaadhimisha Watakatifu Wote tarehe 1 na Waamini Marehemu tarehe 2. Desturi hizo mbili zilikaa pamoja mu nyumba moja. Zamani, usiku wa kuamkia Watakatifu Wote ulikuwa wa kufunga, na kula nyama ilikatazwa. Ndiyo maana vyakula vya usiku huo ni vya viazi, kabichi, siagi na mikate. Kolkanoni ilipata nafasi yake hapo.

Kwa watoto, ulikuwa usiku wa michezo. Mama alificha vitu ndani ya sufuria ao mu sahani. Aliyepata pete angeoa ao kuolewa mwaka huo. Aliyepata sarafu angetajirika. Kifungo kilimwambia kijana kwamba atabaki bila mke, na kastabini ya kushonea ilimwambia binti kwamba atabaki bila mume. Vicheko vilijaa nyumba.

Baada ya vicheko, wazee walitengeneza nyumba kwa ajili ya wageni wengine. Hasa usiku wa Waamini Marehemu, sakafu ilifagiliwa, moto haukuzimwa kama siku nyingine, viti vilipangwa mbele yake, na mlango uliachwa bila kufungwa kwa komeo. Mu nyumba nyingi waliweka maji ya kunywa, na mishumaa iliwashwa, mu nyumba zingine mmoja kwa kila marehemu wa familia. Kisha watu walienda kulala mapema, ili waliotangulia wapate nafasi ya kukaa. Mu sehemu za kaskazini, bakuli la champu liliwekwa nje, chini ya mti wa miiba ao ku nguzo ya shamba, kwa ajili ya viumbe wasioonekana.

Leo nyumba nyingi zimeacha mambo hayo, lakini mwezi wa kumi na moja umebaki mwezi wa wafu. Mu parokia nyingi za Ayalandi, familia zinaandika majina ya marehemu wao ku karatasi, na karatasi hizo zinakaa altareni mwezi mzima wakati wa misa.

Novemba ya Niemba

Mwezi huo unaunganisha Ayalandi na mashariki ya Kongo kwa jambo moja la uchungu. Mwaka 1960, Ayalandi ilituma wanajeshi wake kwa mara ya kwanza mu kikosi cha Umoja wa Mataifa ku Kongo. Batayo ya 32 iliweka makao yake Goma. Batayo ya 33 ilikwenda Albertville, ambayo leo ni Kalemie.

Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 1960, wanajeshi 11 wa batayo hiyo waliokuwa mu doria karibu na Niemba, mu jimbo ambalo leo ni Tanganyika, walishambuliwa na wapiganaji Baluba. Baluba wa eneo hilo walikuwa wameteswa vikali na askari wa Katanga iliyojitenga, na mara nyingi inaelezwa kwamba waliwadhania Waayalandi kuwa upande wa adui huyo. Waayalandi 9 walikufa, na Baluba pia walipoteza watu wao. Dublin ilisimama kuzika, mwezi ule ule wa wafu. Mwili wa mwanajeshi mmoja haukupatikana hadi mwaka 1962. Kwa karibu miaka miwili familia yake haikuwa na maiti ya kukesha wala kaburi la kutembelea.

Familia nyingi za Ituri, Kivu na Tanganyika zinajua hali hiyo kutoka ndani: mtu hayupo, lakini hakuna mahali pa kuweka maua.

Kwa nini chakula hiki kinatuliza?

Ku Ayalandi, mtu akifa, mara nyingi bado maiti inarudishwa nyumbani usiku mmoja ao mbili. Majirani wanakuja kukesha, wanashika mkono wa wafiwa, wanasimulia habari za marehemu, za kulia na za kucheka. Chai haikauki, na kila anayeingia anabeba kitu cha kula. Baada ya siku 30 hivi kuna misa ya ukumbusho, na baada ya misa familia inakula pamoja. Mwaka ukitimia wanakutana tena. Msomaji aliyelala ku kilio Bukavu ao Butembo, akaona majirani wakileta makala, mchele na maji, haoni kitu kigeni hapo.

Ugumu unaanza katikati ya siku hizo, wakati hakuna tena mgeni anayepiga hodi. Kolkanoni inafaa kwa wakati huo kwa sababu za kawaida kabisa. Ni laini, na mtu aliyelia siku tatu hana nguvu ya kutafuna nyama. Ni ya moto, na joto lake linakaa muda mrefu ndani ya sahani. Haina bei kubwa, wakati kilio kimekwisha kumaliza pesa ya nyumba. Inawapa watu wote kazi: mmoja anamenya, mwingine anakata kabichi, kijana anaponda, mtoto anachimba shimo la siagi. Watu ambao hawana neno la kuambiana wanaweza kusimama pamoja karibu na sufuria moja.

Kuna jambo jingine. Mtu anapika chakula hiki sawa vile marehemu alikuwa anapika. Kama nyanya alikuwa anaponda viazi bila kulainisha sana, ili vipande vidogo vibaki, mjukuu naye anaacha vipande. Kama baba alikuwa anaweka pilipili manga nyingi kuliko mama alivyotaka, siku ya ukumbusho inawekwa nyingi, na mtu mmoja ku meza atasema: "Hii ni ile ya baba." Jina la marehemu linatajwa bila mtu kulazimishwa. Mara nyingi ni mara ya kwanza linatajwa tangu mazishi.

Pishi lisiloandikwa linazikwa na mwenyewe

Hapa ndipo wengi wanachelewa. Nyanya alipika miaka 50 bila kipimo. Ukimuuliza, anajibu: "Unaweka chumvi ya kutosha." Akiondoka, "ya kutosha" inaondoka naye. Watoto wake wanapika mara tano, mara kumi, na kila mara kuna kitu kinakosekana, hakuna anayejua ni nini.

Waayalandi walishika somo hilo kama nchi. Mwaka 1935 waliunda tume ya kukusanya mapokeo ya watu. Kati ya 1937 na 1939, watoto wa shule za msingi zaidi ya 5,000 walipewa kazi ya kwenda nyumbani na daftari kuwauliza wazazi, mababu na majirani wazee: mlikula nini zamani, mliponya vipi magonjwa, mlifanya nini mu sikukuu, wazee walisimulia nini juu ya njaa kubwa. Watoto waliandika kwa mkono wao. Kurasa zilizokusanywa zinafika karibu 740,000, na zimehifadhiwa mu Dublin hadi leo. Sehemu kubwa ya wazee hao wangekufa miaka michache baadaye pamoja na habari zao zote.

Mu mashariki ya Kongo hakuna haja ya kungoja tume. Mtoto mwenye daftari anatosha, ao simu inayorekodi sauti. Maswali haya yanasaidia kwa chakula chochote, iwe sombe ya mama, samaki wa tate ao maharagwe ya shangazi:

Kwanza, mwambie apike mbele yako, usimuulize akiwa amekaa. Mikono inakumbuka mambo ambayo mdomo umesahau.

Pili, kabla ya chumvi kuingia mu sufuria, mwombe aiweke kwanza mu kijiko chako. Hapo utajua "ya kutosha" ni kiasi gani.

Tatu, uliza anatumia sufuria gani, kikombe gani, na ku mbabula ao ku kuni.

Nne, uliza alikuwa anafanya nini siku ambayo kitu kimoja hakikupatikana. Hapo ndipo siri nyingi zimejificha.

Tano, uliza nani alimfundisha. Mara nyingi jina utakalolisikia ni la mtu ambaye hakuna picha yake mu nyumba.

Namna ya kupika kolkanoni

Vipimo hivi ni vya watu 4 ao 5.

Viazi mviringo kilo 1, kabichi nusu, ikiwa ndogo, vitunguu vya majani 5 ao 6, ao puaro moja, maziwa kikombe kimoja, karibu mililita 200, siagi gramu 80 hadi 100, chumvi, pilipili manga kidogo.

1. Chagua viazi ambavyo vikichemshwa vinapasuka na kuwa kama unga. Vile vinavyobaki vigumu na vyenye maji vinafaa zaidi kwa mchuzi. Ondoa sehemu zote za kijani na macho yaliyoanza kuota, kwa sababu zina sumu. Kiazi kilichokuwa kijani sehemu kubwa, kitupe.

2. Menya, kata vipande vinavyolingana, osha. Weka mu sufuria na maji baridi yenye chumvi, kisha ndipo upeleke ku moto. Ukivitupa mu maji yanayochemka, nje itapondeka wakati ndani bado ni kibichi. Waayalandi wengi wa zamani walichemsha na maganda, wakamenya baadaye vikiwa vya moto; hivyo ladha inabaki zaidi.

3. Acha vichemke dakika 20 hadi 30. Goma na Bukavu ziko ku urefu wa karibu mita 1,500, na huko maji yanachemka kabla ya kufika digrii 100, ku digrii 95 hivi. Kwa hiyo usiamini saa ya kitabu cha Ulaya. Choma kwa kisu: kikiingia bila nguvu, viko tayari.

4. Wakati huo, kata kabichi nyembamba sana, ichemshe dakika 5 hadi 8 mu maji ya chumvi, ichuje, kisha ikamue vizuri. Kabichi yenye maji inaharibu chakula chote.

5. Pasha maziwa pamoja na vitunguu vilivyokatwa, kwa moto mdogo. Kama maziwa ni mabichi, yaliyotoka moja kwa moja kwa mfugaji, yachemshe kabisa kwanza.

6. Mwaga maji ya viazi, lakini chota kikombe kimoja cha maji hayo na ukiweke pembeni. Rudisha sufuria ku moto mdogo dakika moja ao mbili, bila kifuniko, ili mvuke utoke na viazi vikauke.

7. Ponda mara moja, vikiwa bado vya moto, kwa mwiko mzito ao mchi mdogo. Mu nyumba za zamani za Ayalandi kulikuwa na mchi wa mti kwa kazi hiyo tu. Usitumie mashine ya kusaga: inafanya viazi vivutike kama gundi.

8. Ongeza maziwa ya moto na vitunguu vyake kidogo kidogo, na nusu ya siagi. Maziwa baridi yanafanya viazi vizito. Mwisho changanya kabichi, onja chumvi, weka pilipili manga.

9. Pakua kikiwa cha moto, chimba shimo katikati, weka siagi iliyobaki, na peleka ku meza bila kuchelewa.

Kama hakuna maziwa, tumia yale maji ya viazi uliyoweka pembeni. Kama hakuna siagi, margarini inasaidia, ingawa ladha itapungua. Mafuta ya mawese yanatoa chakula kingine kizuri, lakini hicho si kolkanoni tena. Anayetaka kujaribu mchezo wa sarafu aifunge vizuri mu karatasi safi, awaambie wote kabla ya kula, na asiufanye kama kuna watoto wadogo ku meza.

Ukiwa mbali na kaburi

Miaka ya njaa na iliyofuata, familia za Ayalandi zilikuwa na desturi ya kukesha mtu kabla hajasafiri. Usiku wa mwisho kabla ya kijana kupanda meli kwenda Marekani, majirani walikusanyika, wakala, wakacheza, wakalia hadi asubuhi, sawa vile ku kilio cha kweli. Wazazi walijua kwamba huenda hawatamwona tena. Kijana hakuweza kubeba kaburi la nyanya yake. Aliweza kubeba namna nyanya alivyokuwa anaponda viazi, na mu miji ya ng'ambo walipika tena na kabichi yoyote waliyopata.

Familia iliyokimbia Rutshuru ao Djugu, inayolala leo mu nyumba ya jamaa ao mu kambi, nayo iko mbali na makaburi yake. Siku ya ukumbusho ikifika, si lazima kuwe na ng'ombe wala viti vya kukodi. Sufuria moja inatosha, na chakula ambacho marehemu alipenda. Wale ambao imani yao haikubali kumwekea marehemu sahani, wanaweza kupeleka sahani hiyo kwa jirani aliye peke yake na kumwambia ni kwa ajili ya nani. Jina litatajwa, na mtu atakuwa ameshiba.

Kuhusu mama aliyemenya viazi vya watu sita: ku Ayalandi havitupwi. Kolkanoni inayobaki jioni inafunikwa na kuwekwa mahali pa baridi. Asubuhi inafinyangwa kuwa vipande bapa na kukaangwa mu siagi hadi pande zote mbili ziwe kahawia. Mahali ambapo hakuna friji, ni bora kuikaanga usiku ule ule, kwa sababu maziwa hayangoji. Watoto wengi wanapenda hiyo ya kukaanga kuliko ile ya kwanza.